Sentimita Mia Mbili na Tano

Walituita Jumatano asubuhi kwenye gereji ya magari ya zimamoto, sisi wote tunaofungua njia za majira ya baridi, ili tupimwe ski mpya, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Chama chetu cha wapanda milima kilikuwa kimepata msaada wa ski jozi arobaini. Halvard, mwenyekiti wetu mpya, alikuwa amezisimamisha ukutani, kuanzia fupi hadi ndefu, kama watoto wanaosubiri uji.

Kazi yetu ni kupanda uwanda wa juu wa Hardanger kila mwaka kabla ya Pasaka tukiwa na vijiti mgongoni. Tunavichomeka kwenye theluji, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye kibanda cha wasafiri, ili mtu akifunikwa na ukungu afuate vijiti afike akiwa hai. Kisha tunafukua mlango wa kibanda, tunawasha jiko na kuangalia kama panya wameacha chochote. Njia yangu mimi na Aslaug ni ya kibanda cha Rjupebu, kilomita kumi na nne. Nimeifungua majira thelathini na moja ya baridi, na mwaka huu ilibaki kidogo ninyang'anywe kwa sababu ya mabega.

Kwetu ski hupimwa kwa mkono. Unasimama wima, unainua mkono juu kabisa, na ncha ya ski inatakiwa ifike kwenye kifundo cha mkono wako. Mama alinipima hivyo, nami nikawapima wanangu hivyo hivyo kwenye nguzo ya mlango wa zizi. Kwa mtu mwenye mabega mazima, kipimo hicho hakina ubaya. Lakini mabega yangu yalibeba madebe ya maziwa miaka arobaini, na siku moja yakaamua kwamba yametosha. Sasa mkono wangu ukipanda unaishia sikioni.

"Inua zaidi, Gudveig," Halvard akasema.

"Ndiyo nimeinua."

"Kidogo tu tena."

"Mwanangu, hapo ndipo dari yake."

Akatazama kifundo changu, akatazama ski zilizolingana nacho. Zilikuwa za mtoto wa darasa la nne, na moja ilibandikwa picha ya dubu. Aslaug alikuwa amekaa kwenye tairi la gari la zimamoto, anafuma soksi. Hakuinua macho.

"Mpe vijiko vya chai afunge miguuni," akasema. "Atafika tu."

Watu wakacheka. Halvard naye akacheka, maana si mtu mbaya. Amekulia upande wenye mashine za kuwavuta watu hadi juu ili wateremke, na huko ski fupi ndiyo fahari, kwa kuwa inageuka upesi. Akaacha habari ya mkono, akafungua fomu yake yenye jedwali.

"Urefu wako ni sentimita mia moja na sitini. Tunaongeza ishirini. Na hapa imeandikwa, aliyezidi miaka sabini apunguziwe kumi." Akachukua jozi moja, akanikabidhi kama mtu anayetoa zawadi. "Mia na sabini. Nyepesi, zinageuka zenyewe. Magoti yako yatashukuru."

"Nani aliandika kwamba nipunguziwe kumi?"

"Mimi. Kwa usalama."

"Mzigo wangu nao umeupunguzia?"

Hakuelewa. Nikamweleza taratibu, vile ninavyowaeleza wajukuu. Ski haijui umri wangu, na mkono wangu haiujui. Kitu inachokijua ni uzito. Mimi ni kilo sabini na tisa, na vijiti, chakula na koleo ni kilo kumi na nane nyingine. Ukiweka uzito huo juu ya ski fupi kwenye theluji isiyokanyagwa, hutelezi, unachimba. Unaingia hadi magotini, unajitoa, unaingia tena, kilomita kumi na nne.

"Zangu ni zile pale," nikasema, nikaonyesha jozi ya pili kutoka mwisho. "Mia mbili na tano."

"Gudveig, zile ni za mwanamume wa mita moja na themanini na tano. Ukivunjika goti nitamwambia nini binti yako?"

"Mwambie mama yake ni mnene. Anajua."

Hapo akaacha kucheka. Akasema kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kelele, kwamba asiyekubali kifaa alichopangiwa hawezi kutoka kwa jina la chama. Akasema vijana wa bonde la pili wana pikipiki ya theluji, njia ya Rjupebu wangeimaliza kwa asubuhi moja, na pengine ulikuwa wakati wa mimi kupumzika.

Nimeambiwa nipumzike mara nyingi maishani, na kila mara aliyeniambia alikuwa na mtu wake wa kumweka kwenye nafasi yangu. Nikaenda ukutani, nikazichukua zile mia mbili na tano, nikazibeba begani, bega lile lile bovu.

"Hujasaini," akasema.

"Andika kwamba nimeziiba. Jumamosi saa mbili asubuhi natoka pale mwisho wa barabara. Ukitaka kuzirudisha, nifuate."

Jumamosi akaja kweli. Ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, jua kali, theluji ya jana imelala laini. Alikuwa amevaa ski zake mwenyewe za mia na sabini na tano, na mgongoni, juu ya begi, amefunga ile jozi yangu ya mia na sabini.

"Hizo unampelekea nani?" Aslaug akamuuliza.

"Gudveig. Akichoka atabadilisha."

"Umekuwa punda wake bila kuombwa. Haya, twende."

Kilomita mbili za kwanza ni msitu, mwinuko mkali, miti imebanana. Sitawadanganya, humo nilihangaika. Ski ndefu msituni ni kama kubeba ngazi jikoni. Kwenye kona ya tatu ncha moja iliingia katikati ya vigogo viwili, na nilipojaribu kugeuka nikaanguka kifudifudi, mzigo wote ukanikalia kichwani. Nikalala pale na theluji mdomoni.

Halvard tayari alikuwa anafungua kamba za zile fupi. "Badilisha hapa hapa. Hakuna atakayekucheka."

"Mimi nacheka," Aslaug akasema. "Lakini mwache, anapumzika kama ulivyomshauri."

"Halvard," nikasema toka chini, "hapa zako zingenifaa. Sibishi. Msitu huu ni dakika arobaini. Uwanda wa huko juu ni saa nne. Wewe ungechagua viatu vya kukaa navyo dakika arobaini au saa nne?"

"Ningechagua visivyoniangusha."

"Basi mimi naanguka hapa kila mwaka. Pazoee tu."

Nikavua ski, nikasimama, nikapanda kipande kile kwa miguu, upande upande kama kaa. Haikuwa sura nzuri. Lakini sikubadilisha.

Juu miti inaisha ghafla na uwanda unafunguka. Chini ya theluji laini kulikuwa na gamba jembamba la barafu, lile linalobeba mnyama mwepesi na kumdanganya mtu. Nikatangulia. Mia mbili na tano zangu zikalala juu ya gamba, zikapita. Kila hatua ilinipa nusu ya hatua nyingine bure. Nyuma yangu nilisikia gamba linavunjika chini ya Halvard, kraa, kimya, kraa, kimya. Ni mtu mkubwa, kilo tisini bila begi, na alikuwa amebeba ski za watu wawili. Kila baada ya hatua chache alizama hadi magotini na kutukana kwa sauti ya chini, kwa adabu.

Mimi na Aslaug tunapochomeka vijiti hutegeana vitendawili. Pumzi inakaa sawa na mtu hasahau kuhesabu hatua.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," Aslaug akajibu.

"Namkanyaga tangu asubuhi, na ndiye anayenibeba."

"Mume wako."

"Marehemu alikuwa na mgongo mbovu. Halvard, jaribu."

Halvard alikuwa anajitoa shimoni. "Sijui. Ski?"

"Umepata. Zako zinakukataa lakini jibu unalijua."

Tulipokaribia ziwa nikapunguza mwendo. Ziwa lile lina tabia mbaya. Theluji ikizidi uzito barafu inabonyea, maji yanapanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji, meupe juu, majimaji chini. Huwezi kuyaona.

"Kitendawili," nikasema tena. "Kitanda kimetandikwa shuka safi, godoro limelowa."

Aslaug alijua, akanyamaza. Halvard akafikiri mpaka tukafika ukingoni.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Oslo."

"Oslo nilienda, nikakaa siku mbili, viatu vikanibana, nikarudi. Jibu ni hili hapa mbele yako. Chini ya theluji hii kuna maji. Usisimame. Ukishaanza kuvuka, telezesha mguu usiunyanyue, na hata pua ikikuwasha iache iwashe."

Nikavuka. Nilihisi theluji ile inalegea chini yangu kama mkate usioiva, lakini ski ndefu ziligawa uzito wangu na hazikukaa mahali pamoja. Aslaug akafuata kwenye alama zangu. Ana ski za mia mbili na ni mwembamba kama sindano zake. Tulipofika ng'ambo nikageuka.

Halvard alikuwa katikati. Hakuwa amesimama kwa ujinga. Kamba ya zile mia na sabini ilikuwa imelegea, jozi ikaning'inia na kumpiga kwenye magoti, naye akasimama kuikaza. Nikaona anapungua. Kwanza ski, kisha viatu vyote. Hapo barafu ngumu iko chini na mtu hazami, lakini miguu ikilowa kwenye nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, bado kilomita tano, vidole vinaweza kubaki mlimani.

"Vua begi," nikamwambia. "Lirushe mbali nawe. Sasa inama, utambae kwa magoti."

Nikarudi hadi nusu ya njia, si zaidi, kwa sababu na mimi ni mzito. Nikamnyooshea fimbo yangu ya ski, akashika, nikavuta. Mabega yangu hayapandi, lakini kuvuta yanavuta. Alitoka akitambaa, ski zake zimeshika donge la barafu kila upande, nene kama magogo. Begi tulilivuta baadaye kwa kamba ya Aslaug.

Aslaug akamvua viatu pale pale juu ya mwamba, akamvisha soksi alizokuwa anazifuma, moja ikiwa imekamilika na nyingine haina kisigino. Juu yake tukamfunga mifuko ya plastiki ya mkate, kisha viatu tena. Nikammiminia vikombe viwili vya kahawa toka kwenye themosi, nyepesi kama maji, maana nilikuwa nimesahau kuweka kahawa yenyewe ya kutosha. Akanywa yote.

"Ongoza," akaniambia.

"Nilikuwa nafanya nini tangu asubuhi?"

Kilomita tano zilizobaki alitembea ndani ya alama zangu, polepole, akikwangua ski kwa fimbo kila mara. Vijiti tulichomeka vyote. Saa tisa tukafika Rjupebu. Mlango ulikuwa umefukiwa hadi kitasa. Nikafukua, nikafungua, Aslaug akawasha jiko. Halvard tukamkalisha mbele ya moto, miguu ndani ya blanketi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vinamuuma, na hiyo ilikuwa habari njema. Nikakata mkate mwembamba, nikapaka siagi, nikaweka jibini la kahawia, nikamenya machungwa matatu.

Alipokwisha kula akatoa ile fomu mfuko wa ndani. Ilikuwa imelowa pembeni tu.

"Lazima niandike kitu, Gudveig. Kamati inasubiri. Umechukua ski bila ruhusa, umeanguka msituni mara mbili."

"Mara tatu. Moja hukuiona."

"Wakiniuliza nani atakuja Rjupebu mwakani na kila mwaka, niseme nini?"

"Sema Gudveig. Na asiyekubali aje huku juu kuninyang'anya, kwa ski za urefu anaoupenda. Nitampa kahawa akifika."

Aslaug akasogeza kuni jikoni. "Mwandikie kilo tisini na saba pamoja na mzigo," akamwambia Halvard. "Mtu hapimwi kwa sikio."

Halvard akaikunjua fomu juu ya goti. Kisha akaandika, kwa penseli ya kitabu cha wageni, jina langu, uzito wangu, na mbele yake mia mbili na tano. Akanisogezea nisaini.

Nikasaini. Halafu, kwa kuwa penseli ilikuwa tayari mkononi mwangu, nikarudi juu kwenye lile sharti la kupunguza kumi kwa waliozidi sabini, nikalikata. Nikageuza karatasi ya pili, ile ya Aslaug, nikalikata huko pia. Kulikuwa na karatasi kumi na moja. Halvard aliinama kuangalia nilipofika ya nne.

"Hiyo ilipitishwa na kamati," akasema nilipofika ya tisa.

"Najua."

Nilipomaliza, nikamrudishia fomu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniomba kisu akwangue barafu kwenye ski zake. Nikampa kisu. Penseli nilibaki nayo.