Malkia wa Mawimbi

"Jina langu limesomwa redioni mpaka mbwa wa jirani analijua. Swali langu je, nani amejibu?" Marion akauliza.

"Pole pole, dada. Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Sasa salamu?"

Marion hakutoka Kisii mjini mpaka Suneka ili ategewe vitendawili. Yeye na huyu Ogweno walikuwa wanasomea ufundi wa redio kwa posta. Chuo kiko Nairobi, vitabu vinakuja kwa bahasha, mwalimu hawajawahi kumwona hata kisigino. Chuo kikaandika: msisome kila mtu peke yake kama bundi, juaneni, saidianeni. Ogweno akajipa uenyekiti hapo hapo, akaanzisha klabu ya kutumiana salamu redioni. Basi ikawa ni kadi tu: Ogweno Simba wa Suneka anamsalimu Tryphosa Jicho la Nyamira, Tryphosa anamsalimu Joash Radi ya Nyakoe, Joash anamrudishia Simba. Wamebanana kama ndizi za mkungu mmoja. Kusoma, hakuna.

Marion alituma kadi akiuliza: redio ikinguruma na kumeza stesheni, mtu anaanzia wapi? Mtangazaji akaruka swali, akasoma majina. Ogweno akamjibu hewani: "Namsalimu Marion, Malkia wa Mawimbi, fundi asiyeshindwa na redio yoyote."

Dinesh, mwenye duka la redio ambalo Marion anafagia, alikuwa anasikiliza. Akafurahi sana. Akasema kesho malkia atengeneze redio ya mteja mbele yake. Ikilia, anapata meza ya fundi. Isipolia, atafute pengine pa kufagia, yeye haweki waongo.

"Kwa hivyo nionyeshe," Marion akasema. "Fungua hiyo yako tuangalie ndani."

Ogweno akaikumbatia redio yake kama mtoto mwenye surua. Mwaka mzima anasomea redio, na hajawahi kulegeza hata skrubu.

"Nikiifungua, salamu za saa kumi nitasikia na nini?"

Marion akamuuliza kama kile kitabu cha pili cha chuo amekisoma. Ogweno akakohoa. Akasema kitabu kiko, ni muda ndio hakuna, watu hawajui vile uongozi unachosha. Halafu akachomoa kadi mpya mfukoni, akalamba ncha ya kalamu.

"Usijali, mwanachama. Nitakutumia salamu za pole. Chagua wimbo."

Marion akageuka, akashika barabara ya mjini, akakisome hicho kitabu usiku huo, peke yake kama bundi.