Karatasi Zilizolala Kifudifudi

Miaka arobaini na moja watu walikuwa wakiulizana ni mwanamke gani aliyemliza Bwana Tarumbeta mpaka akatunga "Nyumba Ilikuwa Macho". Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni muuguzi aliyeolewa ng'ambo, wengine waliapa ni mke wa meneja wa kiwanda cha saruji, na kinyozi mmoja alikuwa tayari kutaja hata rangi ya gauni lake. Shangazi aliyasikia yote na kuendelea na shughuli zake. Majibu hayo yalikuwa na kasoro moja tu: hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mwanamume, mpimaji wa ardhi, na maneno ya wimbo ule aliyaandika Shangazi mwenyewe kwa mashine ya chapa, saa saba na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Hakumwambia mtu. Hata binti wa kaka yake, aliyekuwa mtayarishaji wa vipindi redioni, hakujua kitu siku alipokuja na ombi.

"Shangazi, naomba sebule yako Jumatano. Studio inapakwa rangi, na mtaa mzima hakuna nyumba tulivu kama hii."

"Unamleta nani?"

"Bwana Tarumbeta. Atasimulia ule wimbo ulitoka wapi."

Shangazi alikunja kitambaa alichokuwa akikishona. "Basi mlete," akasema. "Na mimi nisikie."

Ofisi ya chapa ya miaka ile ilikuwa chumba kimoja mkabala na posta: mashine mbili, kabati la chuma, na mwenye ofisi, mama mmoja aliyekuwa na sheria iliyozidi sheria zote. Karatasi ya mteja ikitoka kwenye mashine hulala kifudifudi. "Macho yenu nimeyaajiri kupiga chapa, sikuyaajiri kupekua," alikuwa akisema. Wapiga chapa wake walikunja karatasi mara tatu bila kuzigeuza, kwa wepesi wa mtu anayefunga vifungo vya shati lake gizani.

Mpimaji alikuwa amehamishiwa kazi mji wa mbali, safari ya siku mbili. Alitaka waende wote. Shangazi alikataa kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na wakaachana kwa maneno makali kuliko yaliyohitajika. Miezi mitatu baadaye, wenzake walipokwenda kula, aliikalia mashine akaandika. Hakuweka jina juu wala chini, maana ofisi ile kuta zake zilikuwa na masikio. Aliandika kwamba siku ile ya kuachana mpimaji alifunga mlango taratibu kama mtu asiyetaka kuiamsha nyumba, ilhali nyumba ilikuwa macho. Alimalizia kwa kusema kwamba akirudi, ufunguo uko palepale, chini ya tofali la dirishani. Kisha akailaza barua kifudifudi, kwa mazoea, kando ya kazi ya asubuhi: maneno ya wimbo wa bendi, "Baiskeli ya Shemeji", yaliyosubiri kupelekwa redioni.

Mwenye bendi, Bwana Tarumbeta, akaingia kama aliyefukuzwa na nyuki. "Dada, fanya haraka, gari linaunguruma nje!" Shangazi alikunja karatasi mbili, akazitia kwenye bahasha mbili. Moja akampa. Nyingine akavuka nayo barabara hadi posta.

Jibu halikuja. Mwezi wa tano baada ya hapo dada wa mpimaji aliingia ofisini na orodha ya waalikwa wa harusi ya kaka yake. Shangazi aliipiga chapa: majina mia moja na arobaini, bila kosa hata moja. Wiki tatu baada ya harusi hiyo, akiwa kwa fundi cherehani anapimwa mikono, redio ikaanza kuimba barua yake.

Alijua papo hapo ni karatasi ipi iliyokwenda wapi. Lakini mpimaji alikuwa tayari mume wa mtu, na Shangazi hakuwa mtu wa kuwaandikia waume za watu. Alinyamaza. Mpimaji alifariki miaka sita iliyopita. Aliisoma habari hiyo gazetini, kwenye ukurasa wa matangazo. Tangu siku hiyo swali lilikuwa moja, na hakukuwa na wa kumuuliza: je, mtu yule alikufa akiamini kwamba yeye alimtumia baiskeli ya shemeji kwa kumdhihaki?

Jumatano Bwana Tarumbeta alifika na fimbo, kofia na faili nene chini ya kwapa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alimtazama mwenye nyumba kwa muda.

"Wewe nakujua?"

"Ulinijua kwa haraka," alisema Shangazi. "Karibu ukae."

Binti alitega kinasa sauti mezani. "Babu, tuanze. Wimbo huu ulimtungia nani?"

Mzee alivua kofia. "Zima kwanza hicho kidude."

Kikazimwa.

"Mjukuu wangu, wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka arobaini na moja, na miguu imechoka. Mimi sikuutunga. Niliukuta kwenye bahasha, mahali pa wimbo wangu. Kesho yake nikaurudisha ofisini, mwenye ofisi akanitoa mbio. 'Ofisi hii haikosei!' Miezi ikapita, siku ya kurekodi ikafika. Nikasema nitaurudisha, mwenyewe akijitokeza. Hakujitokeza. Watu wakauliza ni mwanamke gani, nikaanza kubuni. Yule wa saruji nilimbuni mimi."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi sijui ametoka wapi. Huyo wamemzaa wenyewe."

Binti alishika kichwa. "Sasa mtunzi ni nani?"

"Itazame herufi ya r," alisema Shangazi. "Kila r imeruka juu ya mstari."

Mzee alifungua faili, akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai, akaisogeza karibu na pua. Kila r ilikuwa imeruka.

"Ndivyo ilivyokuwa mashine yangu," Shangazi akasema.

"Dada wa chapa!" Fimbo ilianguka. "Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Hukuniuliza. Halafu ulikata mistari miwili."

"Ilikuwa mizuri?"

"Ilikuwa ya ziada. Ulifanya vyema."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na binti akaenda kumletea maji. Ndipo Shangazi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mwavuli aliousahau mahali, "Ule wa baiskeli ulipata kuuona tena?"

"Hilo ndilo ajabu, ulirudi! Kwa posta. Mwendawazimu mmoja aliurudisha na maneno nyuma. Sikuelewa hata chembe, lakini mimi situpi karatasi."

Alilipekua faili mpaka akaupata. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yamesimama wima kama tarakimu kwenye ramani.

*Wimbo huu ulinifikia kwa makosa. Ni wenu. Barua yangu nimeisikia redioni. Mwambieni mwenye barua autoe ufunguo chini ya tofali. Mvua zinakuja, utashika kutu.*

Shangazi alisoma tarehe kwanza, maana ndivyo alivyofunzwa. Siku kumi na mbili baada ya ile ya fundi cherehani. Alisoma maneno mara mbili, kisha akaiweka karatasi mezani, maandishi ya penseli yakitazama juu.

"Alijua," akasema.

"Nani?" Binti alikuwa amesimama mlangoni na glasi.

"Mpimaji."

Akawaeleza, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani.

"Na ufunguo, Shangazi?"

"Niliutoa baada ya mvua. Ulikuwa umeshashika kutu."

Binti alipangusa macho, akakigusa kinasa sauti. "Nitasema nini redioni? Kwamba mtunzi ni wewe?"

"Sema nilipiga chapa karatasi mbili nikazikosea bahasha. Hayo ndiyo yaliyotokea." Akamgeukia mzee. "Niimbie ule wa baiskeli."

"Ule? Hatukuwahi kuurekodi, ni upuuzi mtupu."

"Nimeupiga chapa, sijapata kuusikia. Nataka kujua alisoma nini siku ile."

Bwana Tarumbeta alijisafisha koo, akapiga goti kwa kiganja kutafuta mwendo, akaimba. Baiskeli ya shemeji haikuwa na breki. Ilimpita mwenye duka, ikampita mchunga kondoo, ikaingia harusini bila mwaliko. Ulikuwa wimbo mbaya, na beti zake zilizidi kwa mbili.

Alipomaliza, Shangazi alimwomba aurudie.