Kilo Tano za Bure

Mtaa mzima ulimwita Jumatatu, na jina hilo alilichuma kwa mikono yake mwenyewe. Juu ya mlango wa kibanda chake cha ushonaji alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu mstari alioutunga akiwa kwenye cherehani: *Nikisema Jumatatu, Jumatatu usikose.* Mafundi wenzake walikuwa na kesho zisizoisha. Yeye alitaja siku, na siku ikifika nguo iko kwenye henga, imepigwa pasi, inakungoja. Watu walimtania kwamba hata akifa atakuwa amewaahidi Jumatatu, na Jumatatu hiyo atatokea. Alicheka nao, na kifua kilimjaa fahari.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kwa mara ya tatu dada wa eksirei kutoka hospitali alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda, akingoja kitu ambacho fundi alikimaliza siku tisa zilizopita.

Kitu chenyewe kilikuwa aproni. Si ya jikoni. Ni ile nzito, yenye madini ya risasi ndani yake, anayovaa mtu anayelazimika kubaki chumbani mionzi ya eksirei inapopigwa. Hospitali ilikuwa na hiyo moja tu iliyofaa, na mikanda yake ilikuwa imekatika. Fundi aliweka mikanda mipya kwa mshono wake wa njia tatu, ambao hakuna mwingine mtaani aliyeuweza, akamaliza kabla ya adhuhuri. Kisha akaibeba hadi nyumbani, akamvika mke wake.

Mke alikuwa na mimba ya miezi sita. Kazi yake ilikuwa kuingiza majalada ya zamani ya ardhi kwenye kompyuta, asubuhi hadi saa kumi. Aliyemtia fundi hofu ni fundi simu wa kibanda cha pili.

"Kile kioo si kinatoa mwanga?" aliuliza fundi simu. "Na eksirei ni nini? Mwanga. Basi mtoto wako anapigwa picha kutwa nzima, bwana. Atazaliwa kachoka kupozi."

Wengine walicheka. Fundi hakucheka. Jioni ile alimwambia mke aache kazi.

"Nilishamuuliza mkunga kliniki," mke alimjibu. "Kasema kompyuta haina mionzi ya kumdhuru mtoto. Kinachoumiza ni kukaa. Nisimame kila baada ya muda, nitembee kidogo, nipate mto wa mgongoni na kigoda cha miguu. Wewe si fundi? Nishonee mto."

"Mkunga anajua kuzalisha. Mambo ya umeme kayasomea wapi?"

"Na wewe umeyasomea wapi, mume wangu? Kwenye cherehani?"

Neno hilo lilimwingia kama sindano chini ya ukucha. Alikuwa mtu aliyejifundisha kila kitu peke yake, kukata, kushona, hata kusoma vizuri, na hakuna kilichomwasha kama kuambiwa kuna jambo asilolijua. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu ilipoletwa aproni ile kibandani, aliona Mungu kamjibu. Alimwambia mke kwamba hospitali wameitupa, wana mpya.

"Haya, lete hilo dude nivae," mke alisema, "tupate amani humu ndani."

Akawa analivaa chini ya gauni pana. Siku ya kwanza alirudi akicheka: wenzake ofisini walimuuliza amejiunga na jeshi lini, wakambatiza jina la Kobe. Siku ya nne hakucheka. Kunyanyuka kitini na mzigo ule kulimchosha, hivyo hakunyanyuka tena. Alikaa pale pale hadi saa kumi, miguu ikamvimba kama mikate.

Jumatatu ya ahadi ilipofika, fundi alimwambia dada wa eksirei kwamba uzi mgumu umeisha. Jumatano akamwambia, "Kesho asubuhi, bila shaka." Na kweli alikusudia. Lakini asubuhi ya Alhamisi alimkuta mke ameshika kiuno, machozi yanamlengalenga. Kichwa chake kikamwambia hiyo ndiyo mionzi yenyewe imeanza kupenya. Badala ya kumvua aproni, akaikaza mikanda.

"Fundi," dada wa eksirei alisema kutoka kwenye benchi, "leo sikuja kukusumbua tu. Kuna mama alikuja hospitali jana. Mtoto wake kaanguka, mkono nadhani umevunjika. Ana miaka minne, hatulii, lazima ashikwe. Na bila aproni simwingizi mtu yeyote mle. Nilimwambia mama arudi leo kwa sababu wewe ulisema leo."

Fundi aliinamia shati ambalo halikuwa na kasoro. "Uzi, dada yangu. Mjini hakuna."

"Basi nipe hivyo hivyo, nitaifunga kwa bandeji."

"Iko... nimeiacha nyumbani."

"Nyumbani inafanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi iliishia mlangoni pa kibanda chake. Mke alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliingia taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekumbatia aproni kama mtoto aliyelala, akaitua juu ya meza ya kukatia. Cherehani ikatikisika.

"Mume wangu, umeshinda," alisema. "Mgongo umekataa. Kama ni mionzi, acha inipige nikiwa nimenyooka." Ndipo akamwona mgeni. "Samahani, dada. Sikujua kama ana mteja."

Dada wa eksirei alisimama. Aligusa mikanda, akapitisha kidole juu ya mshono wa njia tatu, polepole, hadi mwisho.

"Huu ndio uzi ulioisha?"

Fundi alilivuta tena lile shati mbele yake.

"Wewe si uliniambia wameitupa?" mke alimuuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Dada wa eksirei alimgeukia mke kwanza. "Mama, kompyuta na eksirei ni vitu viwili mbalimbali. Kile kioo hakina cha kuzuiwa na hii. Umebebeshwa kilo tano za bure." Kisha akamtazama fundi. "Beba, twende. Mama wa yule mtoto ana mimba kama mkeo, hata na aproni simwingizi. Utamshika wewe."

Alibeba. Katikati ya mtaa watu walimwita, "Jumatatu, umejiunga na hospitali?" akaongeza mwendo.

Nje ya chumba cha eksirei alikuwepo mwanamke mwenye tumbo kubwa, na binti mdogo aliyefungwa mkono kwa mtandio. Mwanamke alimwona na aproni, akajaribu kusimama.

"Ndiye fundi? Mungu akuweke, kaka yangu. Dada alituambia ulivyohangaika na uzi."

Kumbe uongo wake ulikuwa umefika kabla yake, umevaa vizuri, unapokewa kwa heshima. Alivaa aproni. Ndani ya chumba aliinama, akamshika binti mabegani kama alivyoelekezwa. Binti alilia, alipiga teke, alimuuliza kama itauma. Dakika tano hazikutimia, na tayari mabega yalikuwa yakimwaka, na uti wa mgongo ukimsukuma aketi. Dakika tano. Mke wake, siku tisa, na mtoto tumboni.

Alipotoka alisimama mbele ya yule mama.

"Uzi ulikuwepo," alisema. "Kazi iliisha wiki iliyopita. Niliificha."

Mwanamke alimtazama. "Jana usiku mwanangu kalala ameketi," alisema. "Kila akijinyoosha analia." Akampa kisogo, akamfuata mtoto wake kwenye chumba cha plasta.

Fundi alipita chini ya mstari wake mwekundu bila kuinua macho. Mke alikuwa angali kibandani, viatu amevua, miguu ameiegesha juu ya sanduku la vitambaa.

"Mto," alisema. "Wa mgongoni. Kesho narudi kazini, na ni kompyuta ile ile."

"Nitakushonea."

"Lini?"

Fundi alivuta kipande cha kitambaa kizito, akakipima mgongoni mwa mke kwa kiganja, mgongo ukashtuka alipougusa. Akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu juu ya kanyagio.

"Sasa hivi, hapo hapo ulipo," alisema. "Ngoja tu."