Kitufe cha Rudi

Pale ofisini kwao Tunis, Olfa ndiye aliyeangalia ghala la vipande. Ghala lenyewe halina mlango wala kufuli, limo ndani ya kompyuta: vitufe, visanduku vya kuandikia, kalenda. Kila anayejenga tovuti huchota humo, na ukirekebisha kipande kimoja ghalani, basi kimerekebika kote kilikochukuliwa.

Aliyelianza ni Ghazi, mchumba wake. Gari lilimgonga akafa njia ya Bizerte wiki mbili kabla ya arusi, na sasa ni miaka mitatu. Vipande vyake vilipewa watunzaji wengine, isipokuwa vile vitufe pacha, Rudi na Endelea, ambavyo ni mishale mitupu isiyo na maneno. Penye jina la mtunzaji, Ghazi alikuwepo bado. Maombi ya marekebisho yalimwendea yeye, na Olfa akayaitikia kimyakimya.

Kasoro ilikuwepo tangu mwanzo. Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo Rudi hukaa kulia. Ghazi, aliyezoea kurasa za Kifaransa, alikipachika kitufe hicho kushoto. Siku zile Olfa alicheka mpaka machozi, akamwambia mtu asiyejua mbele na nyuma ataoaje.

"Wewe nifuate tu," Ghazi akasema. "Tutafika."

Wenzao walizoea, wakawa wanavigeuza wenyewe kila wanapovichukua. Lakini vijana wageni walipoijengea zahanati moja tovuti, hawakuijua desturi hiyo. Bibi mmoja alitaka kurudi asahihishe tarehe ya miadi, akabonyeza kulia, kumbe ndiyo Endelea. Akamkosa daktari wa macho.

Bwana Moncef, mkuu wao, alikuja na kahawa mbili, akamwekea Olfa moja, akakaa. Hakufoka. Alimweleza habari za yule bibi, kisha akainamisha kichwa.

"Olfa mwanangu, ombi liko kwa Ghazi siku ya kumi na moja leo. Nani atalijibu?"

"Nitalijibu mimi."

"Na jina?"

Olfa alikisogeza kikombe kando. "Na jina, Bwana Moncef."

Asubuhi nzima aliwaarifu wenzake waache kuvigeuza, na walivyokwisha kuvigeuza wavirudishe. Kisha akaurekebisha mstari wa Ghazi uliopanga vitufe vile, akalifuta jina lake pale, akaandika la kwake. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Asilojiandaa nalo ni swali lililotokea kwenye skrini: Ghazi hana tena kipande chochote, je, aondolewe kwenye orodha ya watunzaji?

Hapana, hilo hakulitaka. Abaki orodhani, hata mikono mitupu. Alitaka kurudi, na mkono wake ukaenda kushoto, ulikokwenda miaka yote hiyo.

Ukurasa ule nao Ghazi aliujenga kwa vipande vya ghala lile lile. Kushoto sasa palikuwa Endelea.

Majina saba yakawa sita.

Kumrudisha kuliwezekana. Unaandika jina na anwani, mtambo unampelekea mwaliko, naye mwenyewe akiukubali anaingia. Olfa alijua. Hata hivyo aliandika, herufi moja baada ya nyingine, akapeleka.

Mbele ya jina la Ghazi pakatokea neno moja: anasubiriwa.