Kuku Juu, Samaki Chini

Mama Filister wa Kambi Muru hakuwa na ubaya na Murunga. Kijana ni mwalimu, hanywi, anaimba besi kanisani, na Adhis bintiye alikuwa amempenda mpaka haambiliki wala hasemezeki. Tatizo lilikuwa moja tu: Murunga ni Mluhya, na wao ni Wajaluo. Filister ameishi na Waluhya ukuta kwa ukuta pale Kibera tangu ajue kukaanga samaki wa kuuza, na alishikilia kwamba Mluhya akiwekewa mke upande huu na kuku upande ule, mke atangoja kidogo.

"Si matusi," alimwambia bintiye. "Ni kitu nimeona na macho."

Basi akatoa sharti. Wazee wangekutana Jumamosi mchana kwa kina Murunga, Kawangware. Kuanzia Alhamisi mpaka saa hiyo, Murunga na ushirika mzima wa ploti yake wangefunga kuiombea ndoa: maji na chai ya rangi, basi. Yeye Filister angekuja Ijumaa kufunga pamoja nao. Maana yake angekuja kulinda wasile.

"Mtu akishindwa na tumbo yake siku tatu," alisema, "atamlinda mtoto wangu na nini? Akikula, wazee wake warudi tu kwao."

Ploti yenyewe iko nyuma ya duka la hadwea, karibu na steji ya 56. Ni vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja refu la mabati, na kuta za katikati hazifiki juu. Fundi aliziachia njiani, akabakiza nafasi ya mkono mzima, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha kwanza unaambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Murunga alikaa mwanzo wa mstari. Aliyefuata ni Boaz, fundi wa mawe na kiongozi wa ushirika, mtu mkubwa wa mwili na mkweli kupita kiasi. Mwisho kabisa alikaa Nelima wa saluni, na hapo ndipo Filister alipofikia.

Murunga angeweza kufunga. Naamini hivyo. Lakini Alhamisi jioni mama yake alimtumia kwa basi kutoka Kakamega katoni yenye matundu, na ndani yake jogoo. "Huyo ni wa kukupatia nguvu mbele ya wakwe," mama alisema kwenye simu. Ijumaa alfajiri yule jogoo aliwika ploti nzima ikasikia. Boaz, ng'ambo ya ukuta, akaitika, "Amina."

Njaa ikiwa wakili huwa haishindwi kesi. Ilimweleza Murunga kwamba Filister yuko njiani, na jogoo anayewika ni ushahidi, ila jogoo aliyechinjwa si ushahidi wa chochote. Kumchinja ni kuilinda ndoa. Na nyama si itaoza? Ilikuwa Julai, baridi ya kukausha midomo, na nyama ingekaa mpaka Jumamosi bila neno, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Ijumaa shule ilitoka mapema. Nelima alikuwa saluni, Filister amejifungia kuomba, Boaz amelala maana alikosa kibarua. Murunga akafunga mlango na kupanga mambo kisayansi. Wiki hiyohiyo alikuwa amewafundisha gredi ya nane matabaka ya hewa, amechora dunia ubaoni ikiwa na maganda kama kitunguu. Tabaka la chini ni letu, aliwaambia, lenye mawingu na mvua, na mtoto mmoja akaongeza, na harufu ya mtaro. Jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa, hewa moto hupanda ikitanuka na kupoa, na ile baridi huja chini kushika nafasi yake. Mwisho wa tabaka hilo kuna kifuniko: hapo juu hewa huanza tena kupata joto, na kinachopanda kutoka huku kwetu hukwama, kikaanza kutambaa upande.

Kwa hiyo aliweka jiko la makaa chini kabisa ya tundu moja la kutu kwenye mabati. Harufu ingepanda, ikatoka kwa tundu, ikaenda kuungana na mawingu. Na kwa kuwa kila mtu anajua harufu za jirani huingilia mlangoni, akaziba chini ya mlango kwa blanketi.

Kuku alipoanza kuchemka na vitunguu vyake, Murunga aliona furaha ambayo haikufaa mtu aliyefunga. Mvuke ulipanda vizuri. Ila tundu lile lilitosha msumari tu, na mabati ya Julai yalikuwa baridi kama kaburi. Mvuke ukagonga mabati, ukakosa pa kutokea, ukatambaa chini ya paa. Ukavuka ukuta wa Boaz. Ukavuka ukuta wa Nelima. Huko mwisho, umeshapoa, ukashuka taratibu kichwani kwa mama mkwe.

Murunga hakujua. Alichoona ni makaa kufifia na kichwa kuanza kumgonga. Akakumbuka somo lake mwenyewe: kinachopanda lazima kipate cha kujaza nafasi yake, na moto ndani ya chumba kilichozibwa huua mtu. Akavuta blanketi upesi. Makaa yakawaka, na upepo wa baridi ukaingia chini ya mlango ukimpita vifundoni, ukivutwa na jiko.

Upepo huo ulinuka samaki.

Si samaki wa kupikwa, ambaye harufu yake ingepanda kama ya kuku. Ni samaki wa jana, aliyekaangwa akapoa, wa kufungwa kwa gazeti. Murunga alisimama na mwiko mkononi akivuta pua. Kisha akafungua mlango kuifuata ile harufu, na kwenye korido akakutana uso kwa uso na Mama Filister, ambaye naye alikuwa akifuata yake.

Mara moja wote wawili waligeukia ukuta, kwa sababu mtu na mama mkwe hawatazamani ovyo. Wakaongea hivyohivyo, kila mmoja akisemesha matofali.

"Mwalimu, Bwana asifiwe."

"Amina, mama."

"Nini hiyo unachemsha?"

"Ni maji ya kuoga, mama."

"Unaoga na vitunguu?"

Murunga aliona Adhis akimtoka, aliona wazee wake wakirudi Kakamega na basi la usiku. Akajikaza.

"Mama, na heshima yote. Uko na mwiba kwa shavu."

Filister alipangusa shavu kwa leso.

"Nilibeba samaki ya kuuzia watu stejini," alisema hatimaye. "Ikanishinda."

"Na mimi jogoo iliwika, mama."

"Nilisikia wakisema." Akafikiri kidogo. "Sasa tutafanya? Mimi siwezi kula mbele yako, wewe huwezi kula mbele yangu. Rudi kwako. Mimi sijatoka kwa nyumba leo."

Kila mmoja akarudi kumaliza alichoanza. Adabu haikuvunjwa.

Jumamosi mchana mabenchi yalipangwa kwenye korido, wazee wa Kakamega upande huu, wa ziwani upande ule, na Adhis kando ya shangazi zake akimtazama Murunga kwa macho ya kumwonea fahari. Kabla ya mazungumzo Boaz alisimama kutoa ushuhuda. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Ndugu zangu, jana nilikuwa nimelala, tumbo imeshikana na mgongo. Nikauliza Mungu, hii ndoa ni yako ama si yako? Si harufu ya kuku ikashuka. Ikatoka juu kabisa, kwa mabati, ikapita ikienda upande wa Mama Adhis. Kabla nimalize kushangaa, ya samaki ikapita chini ya mlango ikienda kwa mwalimu. Kuku inaenda kwa Mjaluo, samaki inaenda kwa Mluhya. Nikajua nimejibiwa."

Haleluya zilipigwa mpaka mabati yakalia. Boaz akamgeukia Murunga.

"Mwalimu, wewe ndio wa sayansi. Kuna njia hewa inaweza fanya hivyo?"

Murunga angeweza kuichora kwa chaki, na mishale yake yote. Alimtazama Adhis. Akamtazama Filister, naye Filister alikuwa anakagua pindo la leso yake.

"Hapo, Ndugu Boaz," alisema, "mimi siwezi ingilia."

"Amina," alisema Filister, kwa sauti kuliko wote.

Mambo yakaenda mbio. Saa tisa haijafika Adhis alikuwa amekubaliwa, na chakula kikaletwa. Kwa desturi ya kwao firigisi iliwekwa kwenye sahani ya Murunga, mwenye mji. Aliitazama. Kwenye benchi la mwisho Boaz alikuwa anangoja zamu yake, akifuata kila sahani kwa macho ya njaa ya kweli, na Murunga akaona aibu iliyomchoma hasa. Akainuka, akapita mbele ya wazee wote, akaiweka ile firigisi kwenye sahani ya Boaz.

Hakuna aliyewahi kuona Mluhya akigawa firigisi siku ya wakwe.

Filister, aliyeketi na wanawake, naye alikuwa ameona. Akachukua kichwa cha samaki kilichokuwa mbele yake, akampa bintiye.

"Pelekea Boaz," alisema. "Na huyo bwana yako nilikosea. Anaweza achana na kuku, akijaribu."

Boaz alikula vyote viwili, akaomba pilipili.