Mtu Niliyemdhamini kwa Bwana Shamba

"Mama, hivi hayo matembele unayatoa wapi huku ugenini?"

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu aliniuliza hivyo kwenye ngazi, mkono mmoja ameshika reli, wa pili tayari umo ndani ya mfuko wangu unapapasa majani. Nilicheka tu, nikapanda zangu. Kila Alhamisi tulikuwa tunasali pamoja sebuleni kwa binti yangu, na kumficha mboga mtu unayesali naye si vizuri. Lakini jibu halikuwa langu peke yangu.

Tangu nifiwe na mume wangu na binti yangu anilete kuishi naye huku, nilihangaika miaka miwili kutafuta miche. Mbegu nilizoagiza nikiambiwa ni mchicha ziliota maua ya kupamba meza. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, chuma basi, tuweke kwenye glasi!" Mwishowe mwanamke tuliyekaa naye foleni hospitalini akanielekeza kwa mtu wanayemwita Bwana Shamba.

Ni mzee wa kwetu, amekuja huku tangu ujana. Nyuma ya nyumba yake ana banda la nailoni lenye hita, na humo matembele, mnavu na mrehani hupita majira ya baridi salama, wakati vyetu vya nje vyote vimekufa kwa barafu. Hauzi. Anakupa marando matatu ya matembele ya kupanda, ndani ya boksi la maziwa alilolikata nusu na kuliandika kwa wino mwekundu. Kabla ya baridi unamrudishia sita, anakutunzia, na mwezi wa nne unachukua yako upya. Ukiuza, umejitoa. Anasema watu wakishaonja kuuza hakuna atakayerudisha, na banda litabaki na hita tu. Tena mgeni haingii mpaka mtu wa zamani amdhamini.

Jirani aliniganda wiki tatu. "Mama, na mimi si mwanao? Au mwanao ni yule uliyemzaa tu?"

Nikaliombea jambo lile, nikaona moyo umetulia, nikampeleka. Bwana Shamba alimtazama mikono kuliko uso.

"Unamjua huyu?"

"Namjua. Tunasali pamoja."

"Kusali hata mimi nasali. Nakuuliza kama unamjua."

"Namdhamini," nikasema. "Akikosea, nishike mimi."

Majira yale ya joto bustani zetu mbele ya jengo zilipendeza mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Baridi ilipokaribia nikarudisha marando yangu sita. "Yangu nimeshapeleka, Mama, usihangaike," jirani akaniambia. Sikuuliza mara ya pili. Kumuuliza mtu mzima mara mbili ni kumvunjia heshima.

Mwezi wa nne nilimkuta Bwana Shamba amekaa kwenye ndoo mbele ya banda. Hakuinuka kunifungulia.

"Mwenzako hakurudisha hata jani," akasema. "Jumamosi mkwe wangu amemkuta sokoni na meza nzima. Maboksi yangu, mwandiko wangu. Nikampigia simu. Anasema wewe ndiye uliyemruhusu."

"Hawezi kusema hivyo, kaka yangu. Labda alishtuka, maneno yakamponyoka."

"Basi mlete aniambie hapa. Nakupa mpaka Jumapili. Ukishindwa, nafasi yako nampa mwingine, na hapa hurudi tena. Nisamehe, dada, lakini nikikuacha wewe itabidi niwaache wote."

Nilirudi kwa miguu, nikapitiliza mpaka ghorofa ya tatu. Jikoni kwake dirisha lote lilikuwa maboksi ya maziwa, mengine yana udongo mbichi. Akanivutia kiti, akanimiminia chai.

"Mdogo wangu, sikuja kukugombeza," nikamwambia. "Twende kwa Bwana Shamba, amenipa mpaka Jumapili, umwambie tu kwamba mimi sikujua. Sitaki kingine."

"Mama nawe! Mboga imeandikwa jina la mtu?"

"Imeandikwa. Kwa wino mwekundu."

Akatabasamu kidogo, kisha akaona sitabasamu.

"Ulimwambia mimi ndiye niliyekuruhusu?"

Akakoroga chai yake muda mrefu, na sukari hakuwa ametia. "Nilibanwa, Mama. Nikafikiri, wewe ni mtu mzima, mjane, mcha Mungu, atakusamehe. Mimi angekuja kunipigia kelele sokoni pale mbele za watu."

"Hajanisamehe."

"Basi mwache na banda lake!" Akainuka haraka, kama mtu aliyepata dawa, akashusha boksi moja dirishani na kulitua mbele yangu. "Chukua haya. Matembele ni yale yale, yameshashika mizizi. Mwezi ujao unachuma. Wa nini tena yule mzee? Na Jumapili usiende, utaniaibisha bure."

Niliyatazama. Yalikuwa mazuri, majani yamefunguka, na udongo unanukia mvua. Miaka miwili niliyatafuta, na mwaka huu sitayapata kwingine kokote.

"Chukua, Mama. Mimi na wewe si tumeelewana?"

Chai sikuigusa. Nilisukuma kiti, nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikatoka, boksi nimeliacha pale pale mezani.