Mtu Anayekimbia Kutoka Mjini

Perez alipomwona mtu anakuja mbio kutoka upande wa Kisumu, alfajiri ile, jasho linamtiririka, alitupa mtungi wa maji chini akapiga ukemi wa msiba. Boma zima likaitikia. Majirani wakatoka wanafunga leso huku wanalia. Enos Oduor, ambaye hakuwa na habari yoyote ila pumzi yake iliyokuwa inamwishia, akasimama katikati ya barabara ameduwaa.

"Dorca amekufa saa ngapi?" mzee mmoja akamwuliza.

"Dorca gani, Mzee?"

Ndipo mambo yakaeleweka. Dorca, binti wa pekee wa mjane Perez, alikuwa amelazwa mjini baada ya kupasuliwa tumbo. Na pale Nyamasaria, mwaka ule wa 1968, mtu mzima hakimbii kutoka mjini alfajiri hivi hivi tu. Akikimbia, amebeba msiba.

"Nafanya mazoezi," Enos akasema. "Siku ya Jamhuri kuna mbio za kutoka Kisumu mpaka Ahero. Maili kumi na tano."

"Fanyia mazoezi yako kwenu," mzee akajibu. "Tusikuone hapa tena."

Enos alikuwa fundi msaidizi kwenye karakana ya reli, na jina lake alikuwa ameliandikisha mbele ya wenzake wote. Hakuwahi kukimbia mbio ndefu maishani mwake. Kangethe, aliyeuza chai langoni, alikuwa hamwachi apite.

"Enos, mwenzako wa mwaka jana alimalizia mbio ndani ya lori la miwa. Wewe utamalizia ndani ya nini?"

Baada ya kukatazwa Nyamasaria, alijaribu njia za mashambani kule Kibos. Matope yakamvua viatu, mbwa wakamrudisha mara mbili. Wiki ya pili akaanza kulala mpaka king'ora cha karakana kilie. Mkewe, Milka, akaviinua vile viatu akavitazama.

"Nipande maua humu, Baba, ama bado unavitaka?"

Jumapili, baada ya ibada, Enos akaenda kwa Perez kwa miguu, polepole, ili asiogopeshe mtu. Wakaomba kwanza, kisha akapewa uji.

"Mama, nimekuja kuomba nipite."

Perez akatazama barabarani. "Sasa najua wewe ni mkimbiaji. Kichwa kinajua. Lakini macho yakiona miguu inakuja mbio, moyo unakufa kwanza." Akaelekeza mkono kwenye uzio wake wa minyaa. "Ukifika pale, tembea. Ukitembea nitajua usiku umepita salama. Uzio ukiisha, kimbia hata ufike Nairobi."

Enos akakubali. Siku za kwanza ilimuudhi. Miguu ilipoa, akahangaika kuianzisha upya. Lakini kila alfajiri alimkuta mama amesimama pale, mikono kifuani, anamtazama hatua kwa hatua. Alipokuwa akipita alisema, "Oyawore, mama," naye alijibu salamu hiyo ya asubuhi na kurudi jikoni. Siku moja mvua ilinyesha, Enos akabaki kitandani. Kesho yake alimkuta macho mekundu.

"Jana sikukuona," Perez akamwambia. "Nilikaa hapa mpaka jua likanichoma."

Tangu siku hiyo hakukosa tena hata alfajiri moja. Lakini Rabuor ilikuwa bado inamshinda. Kila Jumamosi alijaribu kwenda mbali zaidi, na kila Jumamosi, akifika soko la Rabuor, maili ya nane, moyo ulisema basi, naye akageuka.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba, alipopita mbele ya hospitali, muuguzi mmoja aitwaye Nekoye alikuwa anatoka zamu. Akamsimamisha.

"Wewe si ndiye unayepita Nyamasaria, tunayesimuliwa wodini? Mwambie mama yake Dorca alete nguo. Binti anaruhusiwa leo."

Enos aliondoka kama aliyefukuzwa. Hakuwahi kukimbia vile. Furaha ilimjaa hata akasahau kila kitu. Akaufikia uzio, akaupita mbio, mikono juu, akaingia bomani. Perez aliiona mikono, akaiona miguu. Hakupiga ukemi. Alianguka kwa magoti, mdomo wazi, sauti haitoki. Majirani ndio waliolia.

"Amepona!" Enos akapaza sauti. Nani angemsikia? Akapiga magoti vumbini, akamshika mama mikono yote miwili. "Mama, nitazame. Dorca anataka nguo zake."

Macho ya Perez yakatulia polepole. "Nguo gani?"

"Hakusema gani. Za kurudia nyumbani."

Perez akavuta pumzi, akampiga kofi begani. "Utaniua wewe." Kisha akainuka kwenda kutafuta gauni, huku anamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumamosi alfajiri Milka alimkuta Enos ameketi kitandani, viatu mkononi.

"Mama ameshapata mtoto wake," akasema. "Leo unamkimbilia nani?"

Enos akavaa viatu. Akafunga kamba, akatoka. Nyamasaria palikuwa kimya, milango imefungwa. Watu wamelala usingizi wao wa kwanza mzuri baada ya wiki nyingi. Hakuna aliyemngoja. Akapita.

Rabuor ikaja, na moyo ukasema neno lake lile lile. Akapunguza mwendo. Hofu ikamshika kuliko siku zote, kwa kuwa akigeuka leo hakuna atakayejua wala atakayeumia ila yeye. Miguu ilikuwa imeshaanza kugeuka. Mbele akaona karavati, mfereji wa maji unaopita chini ya barabara. Akaomba ombi fupi, la aibu kidogo: Bwana, nifikishe kwenye lile karavati tu. Akalifikia. Akaona jingine mbele, akaliombea nalo. Akaacha kuhesabu maili, akahesabu makaravati, uso umelowa, asijue kama ni machozi ama jasho.

Daraja la mto Nyando alilifikia jua limepanda. Akavuka, akaketi kwenye nyasi. Mwanamke aliyekuwa anapanga nyanya sokoni Ahero akamletea maji kwenye kata.

"Umetoka wapi hivi, baba?"

"Kisumu."

"Kwa miguu? Nani alikutuma?"

Enos akanywa mpaka kata ikakauka.

"Hakuna," akasema. "Niongeze, tafadhali."